Majani Yaliyomlewesha Paka Dume

Mimi sinywi chai ya mtu kabla mwenye nyumba hajaionja. Wajukuu zangu wananicheka kwa tabia hii. "Bibi, hii ni chai tu," wananiambia. Najua ni chai tu. Nilichotaka kumpa mtoto wa mke mwenzangu, zamani zile Kwaluguru, nacho kilikuwa chai tu, na nusura kinirudishe kwetu na talaka mkononi.

Majani yenyewe yalitoka Dindira, milimani Usambara, nilikozaliwa. Baba yangu alikuwa mtunza bustani kwa meneja wa shamba moja la chai, Mzungu, na mke wa meneja alikuwa na kitalu chake nyuma ya nyumba. Pembeni mwa kitalu palikuwa na kichaka kifupi chenye majani kama ya mnanaa, ila haya yalikuwa ya kijivujivu na yana manyoya laini. Shina lake lilikuwa na pembe nne, na maua yake madogo meupe yana vidoa vya zambarau. Ukiyafikicha yalinukia mnanaa pamoja na kitu kingine ambacho mpaka leo sijakipatia jina. Yule mama alikuwa na jina lake la Kizungu kwa mmea ule, lakini alipoondoka aliondoka nalo. Sisi tuliuita majani ya paka, kwa sababu paka wake alilala humo asubuhi, akaamka, akalala tena.

Mke wa meneja aliyachemsha akanywa jioni apate usingizi. Ulikuwa wakati wa Uhuru, na Wazungu wengi usingizi uliwapungua. Mama yangu alijifunza kwa kuangalia, kisha akaongeza ya kwake. Maji mepesi alimpa mtoto mchanga mwenye chango, kijiko kimoja akilala kijiko kimoja akiamka. Maji mazito kidogo alimpa mtu mzima mwenye homa ili atoke jasho. Majani makavu aliyatandika kwenye kiota cha kuku ili viroboto wahame. Meneja na mkewe walipofungasha, baba alichimba fungu moja akalipanda nyuma ya nyumba yetu. Hakuiba, aliambiwa achukue. Nalisema hilo mapema kwa sababu nawajua watu.

Mume wangu nilimpata soko la Korogwe. Mimi nilikuwa nauza kabichi, yeye mahindi makavu kutoka Handeni. Alisifia kabichi zangu kwa muda mrefu kuliko kabichi yoyote inavyostahili, nikajua ana jambo. Aliponiambia ana mke mmoja tu nyumbani, nilimtuma kaka yangu akahakikishe. Kaka alirudi akasema ni mmoja kweli. Nikaolewa, nikashuka mlimani kwenda Kwaluguru na nguo zangu, sufuria mbili, na miche ya majani ya paka kwenye kopo la maziwa.

Handeni maji si kitu cha kuchezea. Nilipanda miche yangu karibu na bafu la nyasi, ili maji ya kuogea yasipotee bure, nikaizungushia miiba kuzuia mbuzi na kuku. Ilishika. Mama mkwe aliiona akauliza ni nini, nikamwambia ni dawa ya kwetu. Akaguna. Majirani wakaanza kuyaita majani ya Msambaa, na waliyataja hivyo wakiwa wamepunguza sauti.

Mke mkubwa alikuwa mwanamke mrefu asiye na maneno mengi. Nilimwita dada, naye aliniita mdogo wangu, kwa adabu ile ambayo mtu huitumia kwa askari aliyesimama mlangoni. Lugha haikutupa shida. Kizigua chake na Kishambaa changu vinafanana kiasi cha kuweza kugombana bila mkalimani, ingawa hatukuwa tukigombana. Alikuwa amezika watoto wawili wachanga. Huyu wa tatu, wa kiume, alikuwa bado hajaanza kukaa, na hakutoka mwilini mwake. Akienda kisimani yuko mgongoni, akitwanga yuko mgongoni, akipika yuko mgongoni. Siku moja nilinyoosha mikono nimpokee ili yeye anyanyue mtungi. Aliutazama mtungi, akanitazama mimi, akaunyanyua mtungi na mtoto wake pamoja.

Sikumlaumu, lakini sikumwamini pia. Mtu akikuficha mtoto wake, ujue ameshakufikiria jambo.

Mtoto alikuwa na chango. Kila ikifika alasiri alikunja miguu, akakaza tumbo, akalia mpaka uso ukabadilika rangi, na nyumba nzima ikakaa kimya kumsikiliza. Mama yake alimtembeza uani huku na huku. Nilivumilia, kisha siku moja nikachuma konzi ya majani yangu nikampelekea.

"Dada, kwetu watoto tunawapa haya. Unachemsha, unaacha maji yapoe, unampa kijiko kimoja."

"Ahsante, mdogo wangu. Weka hapo."

Niliyaweka pale. Nilijua atayatupa. Kumbe hakuyatupa, alifanya kama alivyofundishwa na mama mkwe. Katika nyumba ile, chakula kisichojulikana alipewa paka kwanza. Mbwa hula chochote na kuku hana akili, walisema, lakini paka hunusa, na anachokikataa paka na wewe kikatae. Akaita paka dume wa nyumbani, paka mzee mwenye sikio lililochanika, akamwekea majani yangu chini.

Paka alinusa. Alilamba, akatafuna, akasugua shavu, halafu akaanguka ubavu. Akajipindua, mate yakamtoka, akapiga hewa kwa miguu ya nyuma. Akachomoka mbio mpaka ukutani, akasimama akiutazama ukuta, kisha akarudi pale pale kwenye majani. Watu wote waliona mate. Hakuna aliyetilia maanani kwamba alirudi kutaka mengine.

"Jamani! Njooni mwone alichotaka kumpa mwanangu!"

Walikuja. Kwaluguru watu huja haraka wakiitwa kwa sauti ile. Mama mkwe alishika kichwa. Jirani wa upande wa kisimani alisema yeye alishahisi siku nyingi, na sijawahi kusikia jambo baya ambalo mwanamke yule hakuwa amelihisi siku nyingi. Mume wangu alirudi kutoka shambani akakuta paka bado anagaagaa.

"Ni nini hiki?" aliniuliza.

"Ni majani."

"Majani gani?"

"Ya paka."

Jibu lile halikunisaidia.

Alikaa kwenye kigoda akavua kofia. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema Ijumaa baada ya sala wazee watakuja wasikilize. Ikithibitika nilitaka kumdhuru mtoto, nitarudi Dindira na talaka yangu. Nilipiga hesabu ya nilikotoka. Baba alikuwa ameshafariki, kaka alikuwa na mke na watoto kwenye vyumba viwili. Na mwanamke aliyerudishwa kwao kwa jina la sumu haolewi tena, hata kabichi zake hazinunuliwi. Nililia jikoni kwangu, nikiwa nimejifunika kanga ili wasipate la kuongeza.

Tangu siku ile majani yakawa na jina jipya, majani ya wazimu. Nilipika, hakuna aliyekula. Mama mkwe alipokea sahani yangu kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka kando mpaka ikapoa. Mume wangu aliacha hata maji niliyoyachota. Watoto wa jirani walipita kwa mbali wakikimbia. Na mimi, nilipoona nimekuwa wa kuchungwa, nikaanza kuchunga. Niliangalia nani anaingia kwa nani, nani ananyamaza nikitokea. Nilinusa mtungi wangu kabla ya kunywa.

Ndipo nilipoona kichaka changu kinapungua.

Upande mmoja haukunishangaza. Paka dume alikuwa amepenya kwenye miiba, na upande ule ulikuwa umelazwa chini, mashina yamevunjika, majani yametafunwa. Lakini upande wa pili, ule wa ndani, ncha zilikuwa zimekatwa. Moja hapa, moja pale, kila moja juu kidogo ya pacha la majani, mahali ambapo mtu huchuma akitaka mmea uchipue tena. Niliinama nikatazama vizuri. Ilikuwa alama ya kucha. Paka hana mkono wa namna ile, na mbuzi ndiyo kabisa.

Niliwashuku wote kwa zamu. Kwanza jirani wa kisimani, kwamba anakusanya ushahidi. Kisha mama mkwe, kwamba anapeleka majani kwa mganga wa kuyasoma. Kisha mume wangu mwenyewe. Sikumshuku mke mkubwa, kwa sababu yeye alikuwa akipita mbali na kichaka hata akienda kuoga, akiwa ameshika pua kwa upindo wa kanga ili kila mtu amwone.

Aliyemfichua mchumaji ni paka. Asubuhi moja nikifagia, nilimwona anavuka uwanja kwa mwendo wa mtu mwenye miadi. Hakwenda kwenye kichaka. Alizunguka nyuma ya jiko la mke mkubwa, mpaka kwenye jalala lake, akajitupa juu ya majivu na maganda ya muhogo, akaanza kujipindua na kudondosha mate.

Niliweka fagio chini. Mke mkubwa alikuwa amekwenda kisimani. Nilimsukuma paka kwa mguu nikafukua majivu kwa kijiti. Chini yake kulikuwa na donge la majani yaliyochemshwa, meusi, laini, bado yana unyevu. Sikuhitaji kuyanusa, lakini niliyanusa.

Sasa mtu mwenye moyo mweupe angefurahi. Mimi sikufurahi. Nilifikiri hivi: mwanamke huyu ananishtaki mchana, na anachemsha majani yangu kwa siri. Anataka mtoto aumwe kidogo, aonekane na mate kama ya paka, na mimi nifukuzwe siku hiyo hiyo. Nilifikiri na mabaya zaidi, ambayo sitayaandika. Nikakumbuka kwamba alasiri zile za karibuni sikuwa nimesikia kilio. Mtu mwingine angejua maana yake. Mimi nilidhani mtoto amezidiwa hata sauti haitoki.

Nikachukua donge lile, nikalifunga kwenye pindo la kanga kwa mafundo mawili. Nilisema moyoni, Ijumaa wakinihukumu nitalifungua mbele ya wote, nao waulize limetoka jalala la nani. Kama ni kuondoka, tungeondoka wote wawili.

Ijumaa wakaja. Walikaa uwanjani mbele ya nyumba kwenye mikeka, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine. Baba mdogo wa mume wangu ndiye aliyeongoza. Balozi wa nyumba kumi alikuja pia, ingawa hakuitwa, kwa sababu alisikia neno Mzungu. Nikawapa shikamoo, wakaitikia wakitazama kwingine.

"Haya majani yametoka wapi?" akauliza baba mdogo.

Nikaeleza yote: baba, bustani, meneja, mke wa meneja na usingizi wake.

"Umeona!" akasema balozi. "Mkoloni ameondoka, ameacha mbegu."

Ilikuwa miaka ya Azimio, na kila kilichoharibika kilikuwa na beberu nyuma yake. Sikubishana naye. Niliomba nichemshe majani mbele yao ninywe mwenyewe. Walikubali. Nilinywa kikombe kizima, nikakigeuza waone hakuna tone. Wakasubiri. Sikugaagaa.

"Mwenye sumu anaijua dawa yake," akasema jirani wa kisimani.

Wengi wakatikisa kichwa kukubali. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ningekufa wangesema ni sumu, na nikipona ni mchawi. Wakaletewa paka dume. Alifanya yake yote, na safari hii aliongeza kuzungumza na mkeka. Wanawake wakavuta watoto wao nyuma.

Baba mdogo akavuta pumzi. "Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako," akasema, akimtazama mume wangu. Mume wangu akainamisha kichwa, akakaa sawa kama mtu anayejiandaa kutamka neno ambalo likitoka halirudi. Nikapeleka mkono kwenye fundo la kanga. Nikamtazama mke mkubwa, nimpe nafasi ya kuona kinachokuja. Naye alikuwa akiutazama mkono wangu.

"Baba, shikamoo," akasema.

Kila mtu aligeuka. Hakuwa mtu wa kusema mbele ya wanaume.

"Marahaba. Sema."

"Mgonjwa wetu si dume zima. Mgonjwa wetu ni mtoto. Huyu paka ni mzee ana wake watatu mtaani, haya yanamwingia kwa namna yake. Tujaribu mtoto."

"Mtoto gani?" mama mkwe akashtuka.

"Mtoto wa paka, mama."

Paka jike wa nyumbani alikuwa amezaa jikoni kwake, kwenye tenga bovu. Nilitegemea atakwenda jikoni kumchukua mmoja. Hakwenda. Aliinua ukingo wa kikapu kilichokuwa kando yake tangu wazee walipokaa, akatoa mtoto wa paka mweupe mwenye mkia wa kijivu, akamweka juu ya majani.

Mtoto yule alinusa jani moja. Akapiga chafya. Akalivuka, akaenda mpaka kwenye kanzu ya baba mdogo, akaanza kushambulia upindo wake. Walimrudisha, akaondoka tena. Wakamfikichia jani puani, akalitazama kwa uvivu, kisha akalala juu yake.

Siku hizi nimeambiwa watoto wote wa paka wako hivyo, hawajali mpaka wakue. Wakati ule hatukujua. Wazee walitazamana, wakanong'ona, na baba mdogo akatoa hukumu yake: majani haya kwa mkubwa ni wazimu, lakini mtoto hayamdhuru, na yaliletwa kwa ajili ya mtoto, basi nia ilikuwa safi. Balozi aliongeza kwamba hata hivyo wakubwa wajihadhari. Ilikuwa hukumu ya ajabu iliyojengwa juu ya chafya ya paka, nami niliipokea kwa kupiga magoti. Mume wangu alivaa kofia yake. Ilimponyoka mara mbili kabla haijakaa, na kwa hilo nilimsamehe kiasi, si chote.

Watu walipotawanyika nilibaki nakunja mikeka. Kikapu kilikuwa bado pale. Nilikitazama kwa muda. Kilikuwa kimetandikwa kitambaa, na juu ya kitambaa kulikuwa na manyoya meupe na vipande vya majani yaliyokauka, si ya siku ile. Mke mkubwa alikuwa ameshamjaribu. Alimjaribu yule mdogo kwanza, pale jikoni kwake akiwa peke yake, akaona amelala salama, ndipo akampa mwanawe kijiko. Na mwanawe akaacha kulia. Lakini alikuwa ameshaita watu wote kwa sauti ile, na sauti kama ile hairudishwi kooni.

Alikuja akasimama nyuma yangu, mtoto mgongoni kama kawaida.

"Mdogo wangu, umefunga nini kwenye kanga?"

"Ugoro wa mama."

"Mama havuti ugoro." Akakaza mbeleko. "Jalala langu mimi silifukui kwa kijiti."

Niliendelea kukunja mkeka. Ulikuwa umeshakunjika.

"Ungefungua?" akauliza.

"Ungechelewa kidogo, ningefungua."

"Ungefungua, ningekana."

"Najua, dada."

Hatukuombana radhi, wala sikumwuliza kama alisema yale maneno ya mtoto wa paka kwa ajili yangu au kwa ajili ya fundo langu. Nimejiuliza swali hilo maisha yangu yote. Naye amefariki na jibu lake, Mungu amrehemu.

Jua lilikuwa linashuka, na saa ya chango ilikuwa imefika. Mtoto alianza kukunja miguu mgongoni kwake na kuguna. Mke mkubwa aligeuka kutazama upande wa bafu, kwenye kichaka changu na miiba yake. Kisha akafungua mbeleko, akamzungusha mtoto mbele, akamnyanyua.

"Mshike," akasema. "Nikachume."

Nilinyoosha mikono, huku bado najiuliza anataka nini. Akamweka mikononi mwangu, akaondoka bila kugeuka nyuma. Mtoto alikuwa mzito kuliko nilivyodhani.